Nuru na Kivuli cha Majira ya Baridi katika Picha za New York

Kivuli kwa mtu wa pwani ya Afrika ya Mashariki ni neema. Mtu hukaa kivulini, huzungumza kivulini na humngojea mwenziwe kivulini; na mwenye mwembe mkubwa mbele ya mlango wake huhesabiwa kuwa amejaliwa. Neno hilo hilo hutajwa kwa umbo jeusi limfuatalo mtu ardhini, na tena kwa mzuka wa mtu aliyekwisha kufa, lakini maana itanguliayo akilini wakati wa jua kali ni ile ya kwanza. Kwa hiyo mwanafunzi aliyekuzwa na maana hiyo, akifunuliwa picha za mji wa New York zilizopigwa wakati wa baridi kwa weusi na weupe mtupu, hujikuta mbele ya kivuli cha namna nyingine. Hapana mtu akikimbiliaye. Watu katika picha hizo hukipita upesi, au hujikunyata ndani yake, au humezwa nacho. Haitoshi kusema kuwa picha hizo ni nzuri kwa sababu nuru na kivuli vimepangwa vizuri. Yapasa kuuliza kivuli kile ni cha nani, kimemwangukia nani, na mpiga picha alikuwa amesimama wapi kilipoanguka.

Sababu ya kwanza ya tofauti hii ni jua lenyewe. Mji wa Dar es Salaam upo karibu digrii 7 kusini ya Ikweta, na mara mbili kila mwaka jua la adhuhuri husimama utosini, kivuli kikajificha chini ya nyayo. Hata katika mwezi wa Juni, jua linapokuwa limesogea mbali kaskazini, kivuli cha mtu wakati wa adhuhuri hupita kidogo tu nusu ya kimo chake. New York ipo karibu digrii 41 kaskazini. Siku ya 21 Desemba jua la adhuhuri huko halipandi zaidi ya digrii 26 hivi juu ya upeo wa macho. Kivuli cha mtu huwa mara mbili ya kimo chake, na nyumba yenye urefu wa mita 80 hutupa kivuli cha mita 160 na zaidi. Asubuhi na alasiri urefu huo huongezeka. Katika mji uliojengwa kwenda juu, maana ya hesabu hii ni kwamba yako majira mazima ambayo njia nyingi hazioni jua ila kwa dakika chache, na aliye na jua mchana amelipata kwa kuwa jirani yake hakujenga.

Tena majira hayo yana nuru mbili zisizofanana. Ya kwanza ni ya siku ya theluji. Mawingu yametanda, nuru yatoka kila upande, vivuli vimetoweka, na weusi ubakio ni wa vitu vyenyewe: farasi, mti, koti la mtu. Ya pili ni ya siku ya mbingu safi, jua likiwa chini na hewa kavu, ambapo mpaka baina ya mwangaza na giza hukatika kama uliopitishwa kisu. Wapiga picha wa New York waligawanyika baina ya nuru hizi mbili, wengine kwa kusudi na wengine bila ya kujua, na mgawanyiko huo hueleza tofauti zao vizuri zaidi kuliko majina ya vyama na mitindo ambayo vitabu vya historia ya sanaa huwabandika.

Jambo dogo la lugha halina budi kutajwa hapa. Baadhi ya wafasiri huyaita majira haya kipupwe. Kipupwe ni ubaridi wa miezi ya kusi. Mtu hujifunika shuka alfajiri, na saa nne ya asubuhi amekwisha iweka kando. Baridi ya New York huweza kumwua aliyelala nje. Mhakiki anayeita baridi hiyo kipupwe amekwisha kuipunguzia picha nusu ya uzito wake kabla hajaanza kuieleza, kwa sababu nusu ya habari iliyo katika picha hizi ni habari ya miili ya watu.

Aliyeanza kuisema habari hiyo kwa kamera ni Alfred Stieglitz. Alizaliwa mwaka wa 1864 katika mji wa Hoboken, ng'ambo ya mto Hudson, akasoma Berlin, akarejea New York mwaka wa 1890. Tarehe 22 Februari, 1893, katika tufani ya theluji, alisimama katika barabara ya Fifth Avenue kwa muda wa saa tatu hivi, na kamera ya kushikwa mkononi, akingoja vitu vikae alivyotaka. Picha aliyoipata inajulikana sana. Gari la abiria la kukokotwa na farasi linamjia mtazamaji kutoka katikati ya weupe. Mwendeshaji yuko juu, akiwahimiza wanyama. Mbele yao theluji imechorwa na magurudumu yaliyotangulia. Nyumba za pande mbili zimefifia kama zilizofutwa kwa kitambaa. Kivuli hakuna. Kila kilicho cheusi katika picha ile ni kitu chenye kufanya kazi.

Mwaka huo huo Stieglitz alipiga picha nyingine inayoitwa The Terminal, yaani mwisho wa njia, mahali ambapo magari ya farasi yaliyopita juu ya reli yaligeuzwa. Mtu amewapa watazamaji mgongo, anawahudumia farasi wake. Mvuke unapanda kutoka katika miili ya wanyama wale waliokwisha kukimbia na sasa wamesimama katika baridi. Kwa mtu asiyepata kuona theluji mvuke huo ni fumbo. Hudhani ni moshi, hutafuta moto ulipo. Akiambiwa kuwa ni joto la farasi linaloponyoka hewani, picha nzima hubadilika machoni pake. Huona ya kuwa weupe ule unaopanda si pambo. Ni nguvu ya mnyama inayotumika na kupotea, na huyo mwenye kumpa maji anajitahidi kuirudisha.

Picha hizi mbili husifiwa mara nyingi kwa upole wake, kana kwamba theluji ilishuka juu ya mji ili kuufunika ubaya wake. Sifa hiyo inaweza kuifaa kazi ya Stieglitz ya baadaye, hapa haistahili. Mwaka wa 1893 mpiga picha alikuwa barabarani, macho yake yalikuwa karibu na kimo cha farasi, na theluji iliyompiga mwendeshaji wa gari ilimpiga na yeye. Alikuwa na hiari ya kuondoka, na mwendeshaji hakuwa nayo. Tofauti hiyo haifutiki. Hata hivyo saa tatu za kusimama kwake zimeingia katika picha, na mtazamaji makini huzihisi.

Lakini liko jambo ambalo wasifu wengi hulipita upesi. Husimuliwa kwamba wenziwe wa chama cha wapiga picha walipoliona bamba la tufani ile walimshauri alitupe, kwa kuwa halikuwa kali. Yeye alilikata. Picha inayojulikana ni sehemu tu ya ile iliyonaswa. Pande zake zimeondolewa, gari likasogezwa karibu, barabara pana ikawa njia nyembamba yenye shujaa mmoja. Wala Stieglitz hakulificha jambo hilo. Katika makala yake ya mwaka wa 1897 juu ya kamera ya mkononi alieleza kuwa ni nadra kwake kuitumia picha yote aliyoipiga. Basi msanii aliyetumia saa tatu kuungoja ukweli alitumia mkasi baadaye kuuchagua. Hilo si kosa. Mwandishi naye hukata. Lakini mwandishi huulizwa alichokikata na sababu zake, na mpiga picha asisamehewe swali hilo ati kwa kuwa chombo chake ni mashine. Kilichobaki baada ya kukata ni mapambano ya mtu mmoja na mbingu. Mji, pamoja na wote waliokuwa wakipigana na theluji siku ile, umekuwa pazia la nyuma.

Inafaa pia kujua kuwa weusi na weupe wenyewe haukuwa mwigo mnyoofu wa dunia. Mabamba ya kioo ya karne ya kumi na tisa yaliuona mwangaza wa buluu vizuri, nyekundu yakaiona kama giza. Mbingu ya buluu ilitoka nyeupe, na ukuta wa matofali mekundu ukatoka mweusi. Aliyevumbua njia ya kuyafunza mabamba kuiona kijani na manjano kwa kuyatia dawa za rangi, mwaka wa 1873, ni Hermann Wilhelm Vogel, na huyo ndiye aliyekuwa mwalimu wa Stieglitz huko Berlin. Kwa hiyo Stieglitz alijua, pengine kuliko mtu yeyote katika chama kile cha New York, ya kwamba kijivu kimoja si kingine, na kila daraja ya weusi ni uamuzi wa mtu na wa dawa.

Lugha ya Kiswahili ina vyombo vyema vya kuisemea sanaa hii, na ni ajabu kuwa havijatumiwa zaidi. Katika rangi zote, zilizo na vivumishi vyake vya asili vyenye kufuata upatanisho wa ngeli ni tatu tu: nyeusi, nyeupe na nyekundu. Nyingine zote huazimwa kutoka kwa vitu, na kijivu chenyewe kimetoka katika majivu. Picha ya namna hii, basi, imefanywa kwa rangi mbili katika zile tatu ambazo lugha inazimiliki, na kwa mabaki ya moto. Zaidi ya hayo, weupe katika Kiswahili hauishii katika rangi. Kweupe ni kucha; peupe ni mahali pasipo sitara, ambapo kila mtu aweza kuonekana. Mwendeshaji wa Fifth Avenue yuko peupe kwa maana zote mbili. Neno moja limesema lililohitaji aya nzima.

Miaka kumi baada ya tufani ile Stieglitz alilielekea jengo la Flatiron. Lilikuwa limemalizika mwaka wa 1902, mahali ambapo Broadway inakatana na Fifth Avenue, lenye umbo la kabari na orofa zaidi ya 20. Baba yake alilichukia. Yeye aliliona, kwa maelezo yake mwenyewe, likimjia kama gubeti ya meli kubwa ya bahari, na akaiona ndani yake Marekani iliyokuwa bado inajengwa. Picha aliyoitoa katika jarida lake la Camera Work, mwezi wa Oktoba, 1903, inaonyesha mti mweusi uliogawanyika panda, theluji ikiwa imeshika katika panda hiyo, na nyuma yake jengo refu, jepesi, lenye rangi ya majivu, kama kipande cha karatasi kilichosimamishwa. Jengo lenye fremu ya chuma limeondolewa uzito wake wote.

Ni picha nzuri, na uzuri wake ndio unaoitia mashaka. Siku ya theluji jengo halitupi kivuli. Mpiga picha aliyetaka kulipenda jengo hilo alichagua siku ambayo lilikuwa halimdhuru mtu. Mtu mwenye duka upande wa kaskazini, ambaye tangu mwaka wa 1902 alipungukiwa na jua la mchana, hayumo katika picha na asingeweza kuwamo, kwa kuwa nuru iliyochaguliwa haina nafasi ya malalamiko yake. Hapa ndipo sifa ya upole inapostahili kutumika, nayo ni sifa yenye lawama ndani yake.

Malalamiko hayo hayakuwa ya kubuni. Mwaka wa 1915 lilikamilika jengo la Equitable katika barabara ya Broadway, orofa 38 zilizopanda wima kutoka ukingo wa njia hadi juu bila ya kurudi nyuma hata hatua moja. Ilihesabiwa kuwa kivuli chake kilifunika eneo la eka 7 hivi, na majirani wakalalamika kuwa wameibiwa jua na hewa. Mwaka uliofuata, 1916, mji ukatunga sheria ya ujenzi iliyowalazimisha wenye majengo marefu kuyarudisha nyuma hatua kwa hatua kadiri yanavyopanda, ili nuru ifike chini. Na yale majumba ya New York yenye umbo la ngazi, ambayo wageni hudhani yametokana na ladha ya wachoraji, yametokana kwa kiasi kikubwa na sheria hiyo. Kivuli kilikwisha kuwa jambo la baraza na mahakama. Ni vigumu baada ya hapo kukisema kama mapambo.

Katika mwaka huo wa 1915, hatua chache kutoka Equitable, kijana mwenye umri wa miaka 25 alielekeza kamera yake kwenye ukuta wa benki ya J. P. Morgan uliokuwa mpya katika Wall Street. Jina lake Paul Strand. Alikuwa mzaliwa wa mji huo, na mwalimu wake wa kwanza wa upigaji picha alikuwa Lewis Hine, yule aliyewapiga picha wahamiaji walioshuka Ellis Island na watoto waliofanyishwa kazi viwandani. Picha ya Strand haiitwi kwa jina la majira, wala haina theluji. Imo katika hesabu hii kwa jua lake, jua la asubuhi lililo chini, lenye kupenya kwa mshazari baina ya kuta kama jua la Desemba. Watu wanatembea kulielekea. Vivuli vyao vimeburutwa nyuma yao, virefu kuliko wao. Juu yao ziko nafasi za madirisha, kubwa kuliko mlango wa nyumba yoyote, nyeusi tii, zikienda safu kutoka upande hadi upande na kukatwa na ukingo wa picha, hata ikawa haiwezekani kujua zilipoanza wala zitakapoishia.

Strand alipokuwa mtu mzima alieleza kuwa alitaka kuwapiga watu wale waliokwenda mbio kazini pamoja na maumbo yale meusi yaliyomtia hofu. Maelezo hayo hayakuhitajiwa. Alichokifanya ni kuvipa vivuli daraja mbili katika karatasi moja. Kivuli cha watu ni kijivu, chenye kusogea, na kila kimoja kina mwenyewe. Kivuli cha jengo ni cheusi, kimesimama, na hakina mtu. Nakala yake ya kwanza ilichapishwa kwa platinamu, madini ambayo huingia ndani ya nyuzi za karatasi badala ya kukaa juu yake, na hutoa weusi usiong'aa. Mtazamaji hawezi kujiona katika weusi huo kama anavyojiona katika kioo cha dirisha. Hauakisi chochote. Camera Work ya Oktoba, 1916, iliyoitoa picha hiyo, ilikuwa bado ni jarida la Stieglitz, na yafaa kumshukuru mzee huyo kwa kuwa alifungua ukurasa wake kwa kazi iliyopingana na Flatiron yake.

Wako wanaosema kuwa Strand alizidisha; kwamba watu wale walikuwa makarani wenye mshahara wakienda kazini asubuhi, na kuwafanya wafungwa ni kuwasingizia. Hoja hiyo si ya kudharauliwa. Sura za watu hazionekani, na mtu asiye na sura hawezi kukanusha anayosemewa. Strand alimtendea karani karibu yale ambayo Stieglitz aliyatenda kwa pande za bamba lake. Tofauti ni kwamba Stieglitz aliondoa watu ili mmoja akuzwe, na Strand aliwaacha wote wadogo ili kionekane kilichowafanya kuwa wadogo. Katika mizani ya haki picha ya Strand ni nzito zaidi, ingawa si yenye huruma zaidi. Na ya kuwa kivuli kwake kilikuwa uteuzi wa hoja na si mazoea ya mkono, huthibitishwa na safari yake ya Ghana katika miaka ya 1963 na 1964, kwa mwaliko wa Kwame Nkrumah. Katika kitabu kilichotokana na safari hiyo, kilichotoka mwaka wa 1976 pamoja na maandishi ya Basil Davidson, yumo msichana mwanafunzi aliyebeba vitabu kichwani. Anamtazama msomaji usoni. Makarani wa Wall Street hawakupata nafasi hiyo.

Berenice Abbott alifika kwenye jambo hili kwa njia ya kalenda. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 alitaka kuipiga picha New York usiku, kutoka juu, taa zote zikiwa zinawaka. Tatizo lake lilikuwa kwamba wafanyakazi wa ofisi waliondoka saa kumi na moja jioni na taa zikazimwa, na kwa sehemu kubwa ya mwaka saa hiyo bado ni mchana. Zilibaki siku chache za Desemba, siku zilizo fupi kabisa, ambapo giza huingia kabla watu hawajaruhusiwa kwenda kwao. Alipanda karibu na kilele cha jengo la Empire State, akafungua lenzi kwa muda wa dakika 15, na hakuwa na nafasi ya kurudia. Picha hiyo ya Nightview haina theluji wala kivuli. Ina madoa meupe kwa maelfu katika bonde jeusi. Wanaoifananisha na vito au nyota wameitazama juujuu. Kila doa jeupe ni dirisha, na nyuma ya dirisha mtu alikuwa bado kazini, naye jua lilikwisha mkimbia. Pengine hakuna picha ya mji iliyopimwa kwa saa ya kazi kwa usahihi namna hii. Baridi imo ndani yake kama sababu tu, kama nguzo iliyozikwa ukutani, na bila ya hiyo picha isingesimama.

Abbott anavuruga pia kanuni ambayo mhakiki angependa kuiweka, kwamba kadiri mpiga picha apandavyo juu ndivyo watu wageukavyo nukta. Yeye alipanda kuliko wote, na watu wake hata hawaonekani, lakini wamo. Kanuni hiyo inamfaa zaidi André Kertész.

Kertész alizaliwa Budapest mwaka wa 1894, akahamia Paris mwaka wa 1925, kisha New York mwaka wa 1936. Kwa miaka mingi Marekani haikumjali. Alijipatia riziki kwa kupiga picha za vyumba vya watu matajiri kwa ajili ya jarida la mapambo ya nyumba, naye hakuificha huzuni yake. Mwaka wa 1952 alihamia katika nyumba iliyo juu ya bustani ya Washington Square, orofa ya 12, na tangu hapo roshani yake ikawa kiwanda chake. Mwaka wa 1954, siku ya theluji, aliitazama bustani kwa lenzi yenye kuvuta vitu vya mbali. Matawi yaliyo uchi, uzio wa chuma uliopinda kwa kufuata njia, weupe mtupu baina yao, na mtu mmoja, mdogo, anayetembea.

Hakuna mwenye macho atakayekana kuwa hii ndiyo picha iliyokamilika kuliko zote zilizotajwa hapa. Uzio umeandikwa juu ya theluji kama hati. Kalamu ya khattati mzuri haingeweza kuupinda vizuri zaidi. Na ni ukamilifu huo unaoleta ugomvi. Mtu wa Kertész hana baridi. Hana uzito, hana pumzi inayopanda kama mvuke wa farasi wa mwaka wa 1893, na lau angeondolewa, picha ingepoteza nukta yake tu, wala isingepoteza habari ya mtu. Yuko peupe, lakini kwa maana moja tu. Anayemtazama yuko ndani ya nyumba yenye joto, na kioo cha dirisha kimo katika picha ingawa hakionekani.

Watetezi wa Kertész hujibu kwamba mpweke yule aliye chini ni Kertész mwenyewe; mgeni anaujua mwendo wa mgeni. Jibu hilo lina nguvu, hasa kwa msomaji aliyepata kuishi ugenini. Lakini linahitaji maisha ya msanii yaje kuisaidia picha. Picha ya The Terminal haihitaji msaada huo; asiyejua jina la Stieglitz huiona kazi ya yule mtu na farasi wake papo hapo.

Liko jambo jingine ambalo picha ile ya bustani hailijui. Kuanzia mwaka wa 1797 hadi 1825 uwanja wa Washington Square ulikuwa makaburi ya maskini na ya wageni wasio na jamaa, na maelfu yao wangali wamelala chini ya njia zile. Kwa anayesoma kwa Kiswahili, ambaye kwake kivuli na mzuka ni neno moja, bustani isiyo na kivuli hata kimoja, juu ya watu wengi kiasi hicho, haiwezi kutulia kama ilivyokusudiwa. Kertész alitafuta mstari, akaupata. Theluji ilimsaidia, kama ilivyomsaidia Stieglitz mbele ya Flatiron, kwa kufunika.

Mwaka wa 1964 jumba la sanaa za kisasa la New York lilimfanyia Kertész maonyesho, heshima ikamfikia akiwa na miaka 70, naye akaendelea kupiga picha kutoka roshani ile ile hadi uzeeni, akafa mwaka wa 1985. Majira ya baridi ya miaka thelathini na zaidi yalipita chini ya dirisha lake. Wapita njia wa picha hizo hupandwa na theluji mabegani, huinamisha vichwa, hukata kona. Na karibu wote wanaonekana kutoka juu, kwenye kofia.